Kamanda na Radi za Masika

Nimechoshwa na wataalamu wa mbwa wasiofuga hata paka. Mtaa mzima hapa Kimara umeshapitisha hukumu kwamba Kamanda, mbwa wangu, ni mwoga wa kuzaliwa, kwa sababu radi ikipiga huingia chini ya kitanda. Jirani wa juu anasema ni ugali mwingi. Shemeji anasema katupiwa kitu. Mlinzi wa nyumba ya pili, ambaye usiku hukoroma kuliko jenereta, anashauri viboko.

Tatizo ni kwamba hofu ya mbwa huwa haianzi kwa kubweka. Huanza na miayo, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanasema huyo kashiba, anataka kulala. Hujilamba pua hali hakuna chakula mbele yake. Huhema ulimi nje asubuhi ya baridi. Hukupa kisogo lakini jicho limebaki kwako, mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Mkia nao uko katikati ya miguu.

Masika haya Kamanda alizunguka sebuleni, mlangoni hadi dirishani, akiacha alama za nyayo zenye unyevu kwenye marumaru. Mbwa hutoa jasho nyayoni. Mama watoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepiga deki, aliona uchafu tu. Nikamtupia Kamanda kipande cha utumbo, kitu ambacho siku nyingine angemng'oa mtu kidole kwa ajili yake. Akakinusa, akaondoka. Mbwa anayekataa utumbo haigizi.

Na tumwonee huruma kidogo. Sikio la binadamu hukomea kwenye hezi 20,000 hivi. La mbwa hupita 40,000. Hata mbwa wa wasomi yamewakuta. Mwaka 1924 mafuriko ya Leningrad yaliingia kwenye maabara ya Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate, na mbwa wake wakaokolewa nusura wazame ndani ya vizimba. Baadhi yao walisahau waliyofundishwa. Hao ni mbwa wa profesa. Wangu kasomea Kimara.

Halafu huyo jirani wa juu ndiye anayerusha fataki juu ya bati langu kila mkesha wa mwaka mpya. Fataki ikigoma kulipuka, wa kwanza kukimbia ni yeye, kandambili moja inabaki barabarani. Kwake hiyo inaitwa tahadhari.

Ushauri wa viboko ndio unaonikera kuliko yote. Ukimchapa anayetetemeka umemwongezea sababu ya kutetemeka. Yanayosaidia hayana ufahari: funga mapazia, washa redio, mwachie kona aliyoichagua mwenyewe. Akikujia, mpapase, hofu haiongezeki kwa kupapaswa. Akifikia kutafuna geti mpaka ufizi unatoka damu, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, na dawa zipo. Nikisema hivyo shemeji hucheka mpaka chai inampalia, eti mbwa naye ana presha.

Sawa, cheka. Ila wewe unayenunua fataki kila Desemba, tuambie mapema mtawasha saa ngapi, tuwaingize mbwa ndani kabla hawajaruka ukuta. Wanaopotea usiku ule, wengine hawarudi.