Wewe Si Una Buti?

Tangu ninunue Lincoln Town Car, watu wa kwetu hapa Columbus wamesahau kwamba mji huu una teksi. Mgeni akitua kutoka Mombasa, simu ni yangu, hata kama anakuja kwa shangazi ambaye simjui kwa sura. “Wewe si una buti?”

Ninalo, tena la karibu lita 600. Linameza masanduku, magunia, kinu na mchi wake, na bado mtu anaomba awekewe na mkoba. Ila gari lenyewe lina mita tano na nusu, na maegesho ya fleti zetu yalipigwa mistari kwa ajili ya Corolla. Pua ikiingia, makalio yanabaki njiani.

Siti ya mbele ni benchi na gia iko kwenye shina la usukani, hivyo pale katikati anaenea mtu wa sita. Sijui kwa nini mtu huyo lazima awe yule binamu mwenye mapaja. Naendesha nimebandikwa mlangoni kama kondakta wa matatu.

Halafu vile vitufe vya namba mlangoni, vya kufungulia bila ufunguo! Mke wangu kampa dada yake namba za siri, dada yake kaipa kwaya nzima. Juzi asubuhi nimekuta sufuria la pilau kwenye siti ya nyuma, mwenyewe hajulikani.

Injini ni V8 ya lita 4.6. Humu mjini, galoni moja kwa maili kumi na kitu imekwisha. Abiria wangu wakishuka husema “Mungu akubariki, kaka.” Amina, lakini baraka haziingii kwenye tangi.

Gari hili liliacha kuundwa mwaka 2011, ila kwa miaka mingi ndilo lililobeba mabosi wa New York, na sifa hiyo haijafutika. Majuzi nimempokea mama mkwe uwanja wa ndege, mara mzungu mwenye suti akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akataja hoteli.

“Mpeleke, baba,” akasema mama mkwe. “Mgeni huyo.”

Tulipofika mzungu akatoa dola 40. Mama mkwe akanyoosha mkono kabla yangu, akamshukuru kwa Kiswahili, akazifunga kwenye pindo la kanga.