Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mlezi wa Michezo Yetu

Kwa Mheshimiwa Sana, Kiongozi Mtukufu, Mlezi wa Michezo na Baba wa Vijana wa Iftin,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya huko Nairobi, au popote msafara wako ulipopumzika. Mimi ni mnyonge wako, mtunza mpira wa timu ya mtaa wetu wa Iftin. Uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Barua tatu nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa kwa ukarimu mkubwa, na naamini bado zinasubiri zamu yake kwa adabu.

Kwanza shukrani. Jezi ulizotugawia wakati wa kampeni tunazo. Picha yako kifuani ingali inatabasamu, ingawa namba za mgongoni zilibanduka zilipofuliwa mara ya kwanza. Tunakushukuru zaidi kwa ahadi ya uwanja. Ahadi hiyo imetulea. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa winga wa kulia. Leo mwanangu ndiye winga wa kulia, kiwanja kilekile, goli lilelile la milingoti ya miti ya mathenge. Miiba ya mathenge imetutoboa mipira isiyo na idadi, na mbuzi wanaokatiza katikati ya mchezo wametufunza subira ambayo hakuna kocha angetufunza.

Mheshimiwa, kwa kuwa majukumu mazito hayakupi nafasi ya habari ndogondogo, niruhusu nikusimulie ya klabu moja ya Ugiriki iitwayo AEK. Hiyo K ya mwisho ni ya Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul. Baada ya vita na Uturuki, watu zaidi ya milioni moja waliingia Ugiriki na mabunda yao. Mwaka 1924 baadhi ya waliotoka Konstantinopoli walikutana katika duka la vifaa vya michezo mjini Athens, wakaunda klabu ya soka na michezo mingine, nembo yake tai wa vichwa viwili. Kufikia 1930 walikuwa na uwanja Nea Filadelfeia, mtaa wa wakimbizi wenzao. Miaka sita, Mheshimiwa! Nakusihi usishtuke, haraka ni desturi ya wageni. Mwaka 1939 wakawa mabingwa wa soka. Mwaka 1968 timu yao ya mpira wa kikapu ikaifunga Slavia Prague na kutwaa kombe la Ulaya, mbele ya watu wapatao 80,000.

Najua utasema, kwa hekima yako, kwamba hata wao walionja machungu. Kweli tupu. Uwanja wao ulibomolewa 2003, timu ikashuka daraja 2013, na uwanja mpya haukufunguliwa hadi 2022. Miaka 19! Niliposoma hayo nilifurahi kujua kwamba Ulaya nako wapo watu wa hadhi yako. Ila wao walibomolewa kitu walichokuwa nacho. Sisi, kwa huruma yako, umetuepusha na uchungu huo, maana kisichojengwa hakibomolewi.

Sasa ombi letu. Tumeketi kikao tukagundua kosa ni letu: sisi ni wenyeji. Kwa hivyo tunakuomba, kwa unyenyekevu wote, utufukuze Iftin. Si mbali, hadi Madogo tu, ng'ambo ya daraja la Mto Tana, tuwe wakimbizi kamili. Tunatambua kwamba ukimbizi peke yake hautoshi. Majirani zetu wa kambi za wakimbizi za Dadaab wapo tangu 1991 na vumbi wanalochezea ni kama letu. Ndiyo maana tunataka amri yenye saini yako na muhuri, tuitundike ukutani siku klabu itakapopata ukuta. Ukijaliwa, utupe na lori la kubebea milingoti ya mathenge. Nembo tumeshaichora: ngamia wa vichwa viwili, kimoja kikitazama Iftin tulikotoka, kingine barabara ya Nairobi, tusije tukakukosa siku utakayokuja.

Tunakutana kila Ijumaa baada ya Asri. Usijisumbue kujibu, ukinyamaza, kama ilivyo kawaida yako tukufu, tutajua umeridhia na tutaanza kufungasha. Mizigo si mingi. Mpira ni mmoja, una viraka viwili.