Mashahidi Watano wa Damu, Kuanzia wa Mwisho

Mshipa wa moyo ukibana, daktari huutanua kwa puto, kisha huacha ndani kijibomba cha waya: stenti. Kazi hiyo ilianza mwaka 1986, Toulouse na Lausanne, na kero ikaanza papo hapo. Mshipa uliojeruhiwa hujikarabati kwa pupa, nyama huota kupita matundu ya waya, njia inabana upya. Kwa stenti tupu za chuma, yaliwapata wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100. Stenti zenye dawa zimeishusha idadi hiyo chini ya 10. Nani atakuwa miongoni mwao? Watafiti waliiuliza damu, na mashahidi wakajipanga foleni.

5. Asidi ya yuriki
Ndiyo, ile ya gauti na nyama choma. Presha ipo, naye yupo. Figo zimechoka, yupo. Kitambi, yupo. Anayeonekana kwenye kila tukio hasaidii kesi yoyote.

4. CRP
Protini hii iligunduliwa mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Ini huimwaga mwili ukiwaka moto popote, kwa hiyo jino bovu nalo huipandisha. Hata hivyo, Waitaliano walichukua wagonjwa 83 ambao CRP yao iligoma kushuka baada ya stenti, nusu wakapewa prednisone ya kuuzima moto huo. Mwaka 2002 majibu yakatoka: waliobana tena walikuwa asilimia 7, dhidi ya 33 kwa wenzao. Safi! Ila dawa yenyewe ni ile inayovimbisha mashavu na kupandisha sukari, na wagonjwa 83 hawajazi hata mabasi mawili.

3. Lipoprotini(a)
Kåre Berg wa Norwei aliitambua protini hii inayobeba mafuta mwaka 1963. Kiwango chake unarithi. Mchicha hauishushi, mbio za alfajiri haziisumbui. Wengi wenye asili ya Afrika wanayo kwa wingi. Kuhusu stenti, ushahidi wake unayumba. Ukiikuta juu, mlaumu babu.

2. Homosisteini
Asidi amino hii ndiyo kipenzi changu, kwa vituko. Mwaka 2001 Waswisi waliwapa wagonjwa asidi ya foliki, B12 na B6, waishushe. Kubana tena kukawa asilimia 19.6, dhidi ya 37.6 kwa waliopewa vidonge bandia. Vidonge vya kliniki ya wajawazito, bei ya karanga, vinaokoa moyo! Shangwe ilidumu miaka mitatu. Mwaka 2004 ukatoka utafiti wa wagonjwa 636, wote wenye stenti: waliopewa vitamini ndio waliobana zaidi, asilimia 34.5 dhidi ya 26.5. Huenda foliki ilizilisha zile zile chembe zinazoota, maana chembe haigawanyiki bila foliki. Shahidi kaja kututetea, katufunga.

1. Sukari ya miezi mitatu
Kipimo chake, HbA1c, hakihongeki: kujinyima wali juma moja kabla ya kliniki ni kazi bure. Imeshika nafasi ya kwanza kwa sababu kisukari hurudi kwenye orodha ya hatari utafiti baada ya utafiti, pamoja na wembamba wa mshipa na urefu wa stenti. Hayo mawili, bahati mbaya, hayamo kwenye chupa ya damu.

Hakuna kati ya hawa watano anayetosha kumhukumu mgonjwa peke yake. Kifua kikianza tena kubana ukipanda ngazi, rudi kwa daktari wa moyo, hata kama majibu ya maabara yamenyooka.