Farasi Mia Tatu Kwenye Foleni
Mwaka 1955 Stirling Moss alishinda mbio za Mille Miglia, Brescia hadi Roma na kurudi, kilomita zipatazo 1,600 kwa saa 10 na dakika chache. Mercedes-Benz 300 SLR yake ilikuwa na nguvu za farasi kama 310. Toyota Camry ya V6 ya mwaka 2018 ina 301, nayo hupeleka watoto shule. Wapenzi wa magari ya kale watadai SLR ilikuwa nyepesi mno. Kweli kabisa: haikubeba hata mkanda wa usalama, sembuse mifuko ya hewa. Ila tuwe waungwana. Moss aliwahitaji farasi wake wote. Mwenye Camry wanamtosha kumi, wa kumsogeza mita tatu kabla taa haijarudi nyekundu, huku akipiga honi kama bingwa.