Mashua ya Adeer

Adeer wangu, ndugu wa baba, anauza nyirinyiri mjini Wajir, na kosa langu lilikuwa kumaliza chuo. Kwake yeye, aliyesomea kitu chochote cha kuketi mbele ya kompyuta anaweza kutengeneza tovuti. Mimi nilisomea uhasibu.

"Adeer," aliniambia (naye huniita hivyohivyo, ndivyo tulivyo Wasomali), "nataka watu wa Eastleigh waagize nyama wakiwa kitandani." Akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Chai yake huwa si ya bure.

Nikaenda kuomba ushauri. Hilo kosa la pili. Jamaa wa saiba akasema WordPress: ipo tangu 2003, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Aliyeketi pembeni yake akacheka, akasema Joomla. Binamu yangu wa Garissa, kwa simu, akasema hizo zote ni za watoto, nichukue Drupal. Binamu huyo hana tovuti.

Nikampelekea Adeer ripoti. "Wengine wanasema Joomla."

"Jumla?" Kikombe kikatua chini. "Warya! Mimi nauza rejareja!"

Katika kumtuliza ndipo nikagundua hakukosea sana. Mwaka 2005 watengenezaji wa programu iitwayo Mambo walikosana na kampuni iliyomiliki jina hilo, wakajitenga, wakatafuta jina jipya, wakaliangukia neno letu "jumla" na kulivisha tahajia ya Kizungu. Mambo, kisha Jumla. Ungedhani ni matatu mbili za Gikomba. Adeer akachagua WordPress, kwa sababu haimaanishi chochote.

Niliisakinisha usiku, nikachagua mandhari ya bure yenye herufi za kupendeza, nikalala. Asubuhi nikaifungua dukani, mbele ya Adeer na wazee wawili. Mtandao ulikuwa mzito, kwa hiyo ukurasa ulishuka polepole kama pazia: kwanza anga, kisha tanga jeupe, kisha bahari. Mashua. Chini yake, jina la duka la Adeer.

Adeer alikuwa ameshika kijiko cha kupimia nyirinyiri, nyama iliyokatwa ndogondogo kama punje za mahindi na kukaangwa mpaka ikakauka. Tone la mafuta likadondoka kwenye skrini, katikati ya bahari.

"Nyama iko wapi?"

"Bado sijaiweka."

"Na bahari umeitoa wapi?"

Mzee mmoja akanitetea. Hapahapa Wajir, alisema, maofisa wa mkoloni walikuwa na klabu yao, wakaiita Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, katika mji ambao maji yake huchotwa visimani kwa kamba. "Klabu ilikuwapo. Kijana ameleta mashua tu."

Mzee wa pili aliwahi kuishi Mogadishu. Yeye alikuwa anasoma yaliyo chini ya picha, neno kwa neno, kidole kikifuata: lorem, ipsum, dolor. Akatoa hukumu: Kitaliano kibovu. Nikaeleza kwamba ni Kilatini kilichovurugwa, maneno ya kujazia nafasi mpaka mwenye tovuti aandike yake.

"Umejaza duka langu maneno yasiyo na maana?"

"Yalikuja yenyewe, Adeer."

Na kuna kingine kilichokuja chenyewe. WordPress mpya huletwa na makala moja ya kuisalimia dunia, na chini yake maoni ya mtu asiyekuwepo, ya mfano tu, uyafute. Sikuyafuta. Adeer akayaona.

"Mteja!" Bahari ikasamehewa palepale. "Mjibu. Mpe bei ya kilo, mwambie tunatuma kwa basi."

Nikamwambia taratibu kwamba huyo si mtu. Ameandika jina lake: Mtoa Maoni wa WordPress. Kila anayeanza humpata.

Adeer akaisogelea skrini, akalisoma tena lile jina, kisha akamgeukia mzee wa Mogadishu.

"WordPress," akauliza, "ni ukoo gani huo?"

Mzee hakuujua. Nikajibu maoni kama nilivyoagizwa, bei na salamu. Mkebe wa kilo mbili bado uko rafuni, umeandikwa jina la mteja kwa kalamu nyekundu. Nyirinyiri hukaa miezi bila kuharibika, na Adeer hana haraka.