Ukija Galbet na Kafi Begani

Umeshanunua kafi jipya, kofia pana na lile jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, na sasa unaulizia njia ya Galbet. Karibu. Ni wadi ya mji wa Garissa, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi, na Mto Tana unaoutamani uko karibu. Ila weka kafi chini kwanza. Hapa safari ya mto huanzia mkahawani.

Agiza chai ya maziwa ya ngamia, ukae na wazee. Watakuuliza wewe ni wa nani, unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Jibu yote matatu bila haraka, maana jua likizama hujaonekana, hao ndio watakaotoka kukutafuta. Waulize njia ipi inapitika na wapi usikanyage, kisha mwone chifu. Mgeni anayepita bila salamu huonekana ana siri, na eneo hili limeona mabaya mengi kutoka kwa watu wenye siri.

Pili, usidanganywe na anga. Jua la Garissa litakuwa kali, hakuna wingu hata la kufunika kitunguu, nawe utasema leo ni leo. Lakini Tana hainywi mvua ya Garissa. Inatoka Aberdare na Mlima Kenya, inapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na yakijaa yakafurika, maji hutufikia siku kadhaa baadaye huku vumbi bado linatimka sokoni. Kwa hiyo msimu wa mvua wa gu, kuanzia Aprili, na ule wa deyr, kuanzia Oktoba, sikiliza redio kwanza. Tangazo la kufurika kwa mabwawa likitoka, siku hiyo kafi lifanye mkongojo.

Tatu, wenye mto. Kiboko hulisha nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, saa ileile wewe unapotaka picha nzuri. Usisimame kati yake na maji, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Ukiwa mtumbwini, gonga ubavu wa mtumbwi kila baada ya muda. Kiboko akisikia huibua kichwa, nawe unajua pa kukwepa. Kubisha hodi, basi, ni adabu hata mtoni. Mamba hana hodi. Yeye hujilaza pale watu wanapochota maji, kwa hiyo usining'inize miguu, usioge, wala usinawe ukingoni kwa sababu tu umeona watoto wakifanya hivyo. Watoto hao nao wako hatarini.

Nne, na hapa nakusihi: mtumbwi wako wa kupuliza uache garini. Mto huu una manahodha wake, Wapokomo, Wamunyoyaya na Wamalakote, waliozaliwa kando yake. Mwaka 1891 Mwingereza aitwaye Dundas alipandisha humu meli ya mvuke iliyoitwa Kenia, na alikuta watu hawa wakipita kwa magogo yaliyochongwa. Meli imekuwa historia. Mitumbwi ipo bado. Mlipe mwenyeji, kaa katikati, fuata anachosema. Utaona miembe na migomba ikiinamia maji ya rangi ya chai, na nyani wakikukagua kutoka juu. Ukitaka maporomoko ya kukurusha hewani, hayo yako Sagana, mto huuhuu ukiwa bado kijana. Hapa kwetu Tana ni mtu mzima, inakwenda taratibu.

Ukitosheka na mto, nenda Bour-Algi asubuhi na mapema, kusini kidogo ya mji, uwaone twiga wenye madoa kama wavu wakitembea karibu na mbuzi wa watu. Hakuna kizuri zaidi katika kaunti hii. Hilo nalisema na kulirudia. Mwenye siku zaidi na ruhusa afike Ishaqbini, Ijara, ambako mwaka 2012 wanajamii waliwazungushia ua hirola 48, swala ambao duniani kote wamebaki mia chache tu.

Halafu ukimaliza kufurahi, kumbuka kwamba mashua hapa hazikuja kwa ajili ya likizo. Aprili 2024 mafuriko yaliifunika barabara ya Garissa upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na moja iliyojaa abiria ikazama Kona Punda. Wako waliookolewa, na wako waliokufa maji. Mafuriko yatarudi. Basi ndugu yangu, lile jaketi la chungwa ulilokuja nalo, usirudi nalo Nairobi. Mwachie mwenye mtumbwi aliyekuvusha.