Waya wa Papa

Nkambo, mama yake Papa, anakaa katika nyumba ndogo ya nyuma, hatua kama arobaini kutoka sebuleni kwetu, na kila alfajiri huzungusha mkono wa simu yake. Kengele inalia chumbani kwa Papa. "Umeamka, mwanangu?" "Nimeamka, Mama." Wanaulizana habari za usiku, za magoti, za mvua, kisha kila mmoja anaweka simu na siku ya nyumba yetu inaanza.

Simu hizo mbili ni za mgodini. Papa alikuwa fundi umeme wa Gécamines kule Kolwezi, na alipostaafu na kurudi Sandoa alikuja nazo zimefungwa katika blanketi, pamoja na robota la waya wa jozi mbili. Hazingojei kampuni yoyote. Betri kavu zilizomo ndani hubeba sauti, na mkono ukizungushwa huendesha jenereta ndogo inayopiga kengele ya upande wa pili. Papa aliupitisha waya darini kwa mikono yake, akatoa tawi moja kwenda jikoni na jingine chumba cha wageni, akitumaini kupata simu nyingine. Hakuzipata, na yale matawi yakabaki ndani ya ukuta, ncha zake zimekatika bila kushikana na kitu.

Binti yetu alipoingia mwaka wa mwisho wa sekondari, akaanza kujiandaa kwa Examen d'État, nilinunua modemu ya kufungwa nje. Sebuleni mtandao haukufika. Ulishika mahali pamoja tu, juu ya bomba refu nililosimika kando ya nyumba ya Nkambo, ambapo kiwanja kinapanda na miembe haizibi upande wa mnara. Ilibaki kuuleta ndani. Nikautazama waya wa Papa, jozi mbili, umelala tayari darini, na data inahitaji jozi mbili tu. Usiku, wote wamelala, nikazifungua simu, nikaunganisha waya kwenye modemu niliyoiwekea betri ya pikipiki chini ya bomba. Sikumwambia mtu. Nilipanga kurudisha kila kitu kabla ya alfajiri, lakini usingizi ukanichukua.

Nkambo alizungusha mkono, hakujibiwa. Akazungusha tena. Nilishtushwa na sauti yake uani: amekuja peku, kitenge kimoja begani, analia jina la Papa kama mtu aliyefiwa. Papa akatoka mbio na fulana. Walishikana pale katikati ya uwanja, mzee wa miaka sabini na mama yake, nami nikasimama mlangoni na bisibisi mkononi. Papa aliiona bisibisi. Hakusema neno mpaka jioni, na alichosema jioni ni changu.

Na hata huo mtandao haukuwa wa kusifu. Kurasa zilifunguka kwa kukwama, kinu cha jirani kikianza kusaga ukakatika kabisa. Shemeji yangu aliyeko Manchester ndiye aliyenielewesha, katika ujumbe mrefu wa sauti. Uingereza, enzi za intaneti ya waya wa simu, watu walikuwa wakifungua soketi za ukutani na kuuchomoa waya wa tatu uliokuwa wa kengele tu, na kasi ikapanda. Jozi iliyosokotwa hupokea kelele sawasawa katika nyuzi zake zote mbili, na kelele hizo zikifika mwisho hufutana. Ukifunga uzi wa tatu upande mmoja umeharibu mizani hiyo, nao uzi unageuka antena ya kuokota kila kinachovuma mtaani. Matawi ya Papa yalikuwa na dosari inayofanana na hiyo: mawimbi yanaingia katika njia isiyo na mwisho, yanagonga ncha, yanarudi kama mwangwi kuchafua yanayokuja nyuma yake.

Nikarudisha simu mahali pake. Nikaagiza Kolwezi kebo mpya ya jozi nne, boksi limeandikwa shaba tupu. Safari hii nilitaka kebo hiyo hiyo ibebe data na umeme pamoja, kutoka betri ya sola ya sebuleni hadi juu ya bomba. Mchana ilifanya vizuri. Usiku, binti akifungua video ya somo la kemia, modemu inazima, inawaka, inazima. Wiki mbili nilililaumu anga, nikaulaumu mnara, nikakata matawi ya mwembe ambao haukuwa na kosa. Mtoto alisoma kwa tochi ya simu akingoja taa ya modemu iwe kijani.

Mwishowe Papa akaja na mita yake. Kwenye betri alisoma volti 12.4. Akanituma juu ya ngazi, modemu ikiwa inafanya kazi: volti 9.1. Akakata kipande cha kebo, akakipima uzito kiganjani, akatoa kisu kidogo na kukwangua uzi mmoja polepole. Wekundu ukatoka kama rangi. Ndani ulikuwa mweupe.

Alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Uzi wa namna hiyo huuzuia umeme karibu mara moja na nusu kuliko wa shaba tupu wenye unene ule ule, na hukatika upesi ukikunjwa. Papa alikaa kwenye kigoda, kipande kile kidoleni, kwa muda mrefu. Alitumia ujana wake mahali ambapo shaba hutoka kiwandani katika mabamba yenye usafi wa asilimia 99.99. Inaondoka kwa malori hadi Dar es Salaam na Durban, na kwa reli ipitayo Kasaji na Dilolo kuelekea Lobito, njia iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931. Nchi yetu, Kongo, ni ya pili duniani kwa shaba, baada ya Chile. Mjukuu wake akihitaji mita 35 za kusomea, analetewa rangi. Hilo linaniuma mpaka leo, na silioni kuwa jambo dogo.

"Waya wangu ni shaba," Papa akasema. "Upe umeme. Huu wako ubebe maneno."

Tulipanda darini pamoja. Tukakata matawi yote, tukasafisha viungo na kuvilehemu, tukafunga nyuzi mbili mbili pamoja ziwe nene. Juu ya bomba mita ikasoma 11.1. Data katika kebo hutumia jozi ya chungwa na ya kijani. Zikabaki ya bluu na ya kahawia, hazina kazi. Papa akachagua ya bluu, akaifunga kwenye simu ya Nkambo, akaenda chumbani kwake kungoja.

Sasa binti yetu huamka saa kumi na moja kusoma kabla ya shule. Nkambo akizungusha mkono, picha ya mwalimu inaganda, mdomo wazi, chaki hewani. Binti anainua macho kutoka daftarini, anasikiliza kupitia ukuta mpaka asikie babu yake akijibu, kisha anaendelea kuandika.